Maji ya karavani: sikiliza pampu kabla ya kushika bisibisi

Ukinunua karavani ya mkono wa pili hapa Uingereza, kila mtu atakuambia ukague unyevu kwenye kuta, matairi na breki. Maji husahaulika mpaka mfike kambini jioni, watoto wanataka kuoga, unafungua bomba na halitoi kitu. Hapo wengi hulala chini, hufungua kabati la chini ya sinki na kuanza kulegeza viungo vya paipu. Tafadhali usianzie huko. Kasoro nyingi za maji kwenye karavani chanzo chake ni umeme wa volti 12, au hewa iliyonaswa njiani. Paipu zenyewe hazina makosa mengi, na ukizifungua bila sababu utaleta uvujaji ambao haukuwepo.

Tuanze na njia ya maji. Karavani ya kukokotwa, tofauti na nyumba, mara nyingi haina tangi la kudumu ndani. Maji hukaa nje kwenye pipa linaloviringishwa, na lililoenea zaidi Uingereza ni Aquaroll la lita 40. Ndani ya pipa hilo unatumbukiza pampu ndogo ya umeme iliyofungwa kwenye ncha ya mpira. Ncha ya pili ya mpira ina plagi inayobeba vitu viwili kwa pamoja, yaani njia ya maji na nyaya mbili za umeme, nayo huchomekwa kwenye soketi iliyo ubavuni mwa karavani. Maji yakishaingia hupita kwenye kichujio kama kipo, kisha kwenye valvu inayozuia yasirudi nyuma, halafu njia hugawanyika. Paipu ya buluu hupeleka maji baridi kwenye mabomba, na nyingine huingia kwenye hita na kutokea upande wa pili ikiwa nyekundu. Karavani za miaka ya karibuni hutumia paipu ngumu kiasi za milimita 12 zenye viungo vya kusukuma. Za zamani zina mipira laini iliyobanwa kwa klipu za skrubu. Kuna pia karavani zenye pampu iliyofungwa ndani kabisa, inayovuta maji kutoka kwenye pipa. Hiyo ina tabia zake, nitaigusa baadaye.

Sasa swali ambalo lazima ulijibu kabla ya kugusa chochote: pampu yako huwashwa na nini? Zipo njia mbili. Ya kwanza ni swichi ndogo iliyofichwa ndani ya kila bomba. Ukiinua mkono wa bomba, swichi hugusana na pampu huzunguka. Ukiufunga, pampu husimama. Ya pili ni swichi moja tu ya presha, iliyo karibu na mahali maji yanapoingilia. Hii haijui bomba lipi limefunguliwa. Inachohisi ni presha kushuka kwenye paipu, ndipo inawasha pampu, na presha ikipanda hadi kiwango chake inaizima.

Kuzitofautisha ni rahisi. Chungulia chini ya bomba la jikoni. Ukiona nyaya mbili nyembamba zinapanda kuingia kwenye bomba, una swichi ndogo. Usipoziona, una swichi ya presha. Kuna karavani zenye vyote viwili: nyaya zipo kwenye mabomba lakini aliyekutangulia aliongeza swichi ya presha baada ya swichi ndogo kuharibika. Kwa hiyo angalia pande zote mbili. Kasoro ileile huwa na maana tofauti kabisa kwa kila aina, na ushauri unaopewa na jirani wa kambini ambaye karavani yake ni ya aina nyingine unaweza kukupoteza.

Pampu kimya kabisa

Anza na vitu vya aibu, kwa sababu ndivyo vinavyoshinda. Kwenye paneli ya ndani kuna swichi ya pampu, je, imewashwa? Je, paneli imechaguliwa kutumia betri ya karavani? Fyuzi ya pampu ni nzima? Betri ina kiasi gani? Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.7 hivi, nusu yake ni kama 12.2, na chini ya 12 usitegemee pampu itafanya kazi ya maana.

Vikiwa sawa vyote hivyo, chukua mita ya umeme uende kwenye soketi ya nje. Mtu mmoja afungue bomba ndani, wewe upime kwenye pini mbili. Kumbuka kwamba kwenye mfumo wa swichi ndogo umeme hautafika pale mpaka bomba liwe wazi, na kwenye swichi ya presha hautafika kama paipu bado zina presha. Ukisoma volti 12 na zaidi, tatizo liko upande wa plagi au pampu. Usiposoma kitu, rudi ndani kwenye swichi na nyaya.

Upande wa nje, mshukiwa wa kwanza ni zile pini. Zinakaa kwenye mvua na unyevu mwaka mzima, zinashika kutu ya kijani, na mguso unakuwa dhaifu. Zisugue kwa msasa laini, paka dawa ya kulinda miguso ya umeme, jaribu tena. Bado kimya? Itumbukize pampu kwenye ndoo ya maji na uiunganishe moja kwa moja na betri kupitia waya wenye fyuzi. Isipozunguka hapo, imekufa. Pampu hizi za kutumbukiza zimefungwa zisifunguliwe, hazitengenezwi, na bei yake ni ndogo kiasi kwamba napendekeza kila mwenye karavani awe na ya akiba kabatini. Unapofunga mpya, ukiona inazunguka lakini maji yanatoka kwa uvivu, badilisha nyaya mbili nafasi zake. Ikigeuzwa umeme huzunguka kinyume, na bado husukuma maji kidogo, ndiyo maana kosa hilo huwapita watu wengi.

Kama pampu iko kimya kwa bomba moja tu huku mengine yanafanya kazi, usihangaike na betri wala fyuzi. Ni swichi ndogo ya bomba hilo. Chomoa zile nyaya mbili chini yake na uziguse pamoja. Pampu ikiamka, umepata jibu. Kwenye baadhi ya mabomba swichi huchomoka na kubadilishwa peke yake, kwenye mengine imezikwa humo na utanunua bomba zima.

Inazunguka, maji hayaji

Hapa kuna hewa. Pampu ya kutumbukiza husukuma maji kwa kuyazungusha, na haiwezi kuvuta hewa. Ukiiangusha ndani ya pipa, povu dogo la hewa linaweza kubaki tumboni mwake, na pampu itaimba bila kusukuma tone. Dawa yake: ishike kwa mpira, itikise chini ya maji, ipige taratibu kwenye ubavu wa pipa mpaka mapovu yatoke, kisha fungua bomba. Usiiache ikizunguka kavu, kwa sababu maji ndiyo yanayoipoza na kuilainisha.

Ikiwa hakuna hewa, angalia mpira kama umejikunja au umechomoka kwenye shingo ya pampu ndani ya pipa. Mpira ukichomoka pampu inachuruza maji humo humo na wewe nje unasikia kila kitu kiko sawa. Kisha toa kichujio ujaribu bila hicho. Maji yakija kwa nguvu, umepata mwizi. Kichujio cha mkaa kibadilishwe kila msimu. Kilichoachwa mwaka mzima na unyevu ndani huziba, na zaidi ya hapo huwa makazi ya vijidudu.

Maji yanayokuja dhaifu kila mahali yana sababu nyingine inayosahauliwa, nayo ni volti zinazopotea njiani. Pampu inayokula ampea 4 kupitia waya mwembamba na pini zenye kutu inaweza kupata volti 10 tu wakati betri inasoma 12.5. Pima wakati pampu inazunguka, la sivyo mita itakudanganya: bila mzigo, hata waya mbovu husoma vizuri. Na kama udhaifu uko bomba moja, fungua kichwa chake. Maji ya London na kusini-mashariki mwa Uingereza yana chokaa nyingi, na kile kichujio cha waya kwenye mdomo wa bomba au matundu ya bomba la mvua hujaa magamba meupe. Loweka kwenye siki usiku kucha.

Kwa wenye pampu ya ndani, ile inayotoa sauti ya kutatarika: yenyewe huvuta, kwa hiyo upande wake wa kuingizia ukiwa na ufa hautaona tone likidondoka. Utaona maji yenye povu, bomba linatema hewa, na pampu haizimiki. Kaza kila kiungo kati ya pipa na pampu, paka grisi ya silikoni kwenye oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) za plagi, na usafishe kikapu cha waya kilicho mbele ya pampu.

Haizimiki, au inajiwasha yenyewe usiku

Hapa ndipo maswali mengi yalipo, na hapa ndipo aina ya swichi inapokuwa na uzito zaidi.

Kwenye swichi ndogo, pampu isiyozimika ina maana moja: kuna swichi imeganda ikiwa imewaka. Swichi zote zimeunganishwa sambamba, kwa hiyo moja tu ikiganda inatosha. Chomoa nyaya za bomba moja, sikiliza. Kama bado, nenda la pili, hadi pampu inyamaze. La mwisho kuchomolewa ndilo lenye kosa. Lakini usiishie kubadilisha swichi. Jiulize ililowa vipi. Mara nyingi mpira wa ndani wa bomba umechakaa, maji yanapenya chini na kuingia kwenye swichi, na usipoziba huko swichi mpya itakufa vilevile.

Kwenye swichi ya presha kuna mambo matatu. La kwanza, pipa limekwisha maji. Pampu haiwezi kujenga presha ya hewa, basi itazunguka hadi iungue. Ndiyo maana watu wenye mfumo huu huzima pampu kwenye paneli kila wanapolala au kutoka, nami nakubaliana nao kabisa.

La pili ni marekebisho. Swichi hii ina skrubu au kitufe cha kuweka kiwango cha presha ya kuzimia. Kama kiwango ni cha juu kuliko uwezo wa pampu, haitazimika kamwe. Na uwezo wa pampu hubadilika na volti: karavani ikiwa imechomekwa kwenye umeme wa kambi, chaja hupandisha mfumo hadi volti 13 na kitu, pampu ina nguvu, inazimika vizuri. Ukienda kulala shambani kwa betri peke yake, volti 12.2, pampu ileile haifikii kiwango kilekile na inaendelea kulia. Mtu hudhani pampu imezeeka. Cha kufanya ni kuirekebisha ukiwa kwenye hali dhaifu zaidi unayotarajia, yaani kwa betri. Funga mabomba yote, geuza skrubu taratibu upande wa kupunguza mpaka pampu izime, ongeza robo ya mzunguko upande huohuo, kisha fungua na kufunga bomba mara kadhaa kuhakikisha inawaka na kuzima kila mara. Ukipunguza kupita kiasi utajua, kwa sababu pampu itawaka na kuzima kwa haraka huku bomba likiwa wazi, na maji yatatoka kwa mikupuo.

La tatu ni ile pampu inayokoroma sekunde moja, inanyamaza, na baada ya dakika kumi inakoroma tena bila mtu kugusa bomba. Presha inapotea mahali. Ama maji yanatoka nje, ama yanarudi kwenye pipa kupitia valvu ya kuzuia isiyoziba. Njia nzuri ya kujua ni kuachia pampu ijenge presha, kuizima kwenye paneli, kisha kuinua ile ya pipani juu ya maji na kuiangalia. Ikidondosha matone mfululizo, valvu ndiyo mbaya. Ikiwa kavu, chukua karatasi ya choo iliyo kavu na uibonyeze kwenye kila kiungo ndani ya karavani. Karatasi huonyesha unyevu ambao kidole hakihisi. Anza nyuma ya hita, kisha chini ya sinki, kisha kwenye kabati la bafu. Usisahau choo: kama maji ya kusafishia yanatoka kwenye mfumo mkuu na ukakuta bakuli linajaa polepole lenyewe, valvu yake inavuja, na hakuna sakafu itakayolowa kukuonya.

Kiungo cha kusukuma kinachovuja kwa kawaida kina kosa la ufungaji. Paipu ilikatwa mshazari, au ina mkwaruzo mahali oringi inapokaa, au haikuingizwa mpaka mwisho. Bonyeza pete ya mdomoni ukivuta paipu itoke, kata sentimita mbili kwa kisu cha paipu ili ncha iwe wima, futa kingo, weka alama ya kina kwa kalamu, sukuma mpaka alama izame, halafu vuta kujaribu. Usiibandike kwa gundi wala kuizungushia utepe. Huo ni uvujaji ulioahirishwa, na sakafu ya karavani ni mbao nyembamba zilizobanwa. Ikishaloa na kuoza, gharama yake hupita ya mfumo mzima wa maji.

Maji ya moto

Hita iliyozoeleka ya lita 10 ina kipashio cha umeme cha wati 850 na upande wa gesi. Ukijaza mara ya kwanza, fungua bomba la moto lililo mbali zaidi na uwe na subira: lita 10 za kwanza kutoka kwenye pipa zinaingia kwenye hita, na bomba litatema hewa tu mpaka hita ijae. Mkondo ukitulia ndipo uwashe. Kwa umeme, kutoka baridi hadi moto wa kuogea huchukua karibu saa nzima, kwa hiyo hita isiyotoa moto baada ya dakika 20 haijaharibika.

Baridi linakuja vizuri lakini upande wa moto ni mkavu? Tazama chini ya karavani. Mara nyingi koki ya kumwagia hita imeachwa wazi na maji yote yanaishia kwenye nyasi. Baadhi ya hita, kama Truma Combi, zina valvu inayojifungua yenyewe joto linapokaribia nyuzi 3 na haikubali kufungwa mpaka mazingira yake yapate kama nyuzi 7. Asubuhi ya mwezi wa nne huko Scotland hiyo ni jambo la kawaida. Washa joto la ndani kwanza, subiri, kisha ibonyeze.

Matone machache kutoka kwenye valvu ya usalama wakati hita inapasha ni ya kawaida pia. Lita 10 zikitoka nyuzi 10 hadi 70 zinatanuka kwa zaidi ya desilita 2, na kwa kuwa valvu ya kuzuia imefunga njia ya kurudi, lazima zitokee mahali. Matone yakigeuka mkondo, na umejiunga na bomba la kambi, shuku presha ya bomba hilo. Mfumo wa karavani haukuundwa kubeba presha ya mjini. Tumia kiunganishi chenye kipunguza presha, au kile chenye boya kinachojaza pipa tu. Mimi napendelea la boya, kwa sababu presha ya nje haiingii karavani kabisa, na ukiwa umezima pampu, kiungo kikifunguka ukiwa matembezini hutakuta zulia linaelea.

Upande wa gesi na waya wa volti 230 uwaachie mafundi wenye vibali. Kwa gesi hapa Uingereza ni aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi.

Kabla ya baridi

Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, na yanachopasua kwanza ni bomba la kuchanganyia, kichujio na hita. Kwa hiyo mwezi wa kumi mfumo umwagwe wote. Zima pampu, toa pampu na mpira nje. Fungua koki zote za kumwagia, ile ya hita na nyingine zilizo sakafuni. Mabomba yenye mkono mmoja yainuliwe na kuwekwa katikati, kati ya moto na baridi, kwa sababu yakiegemea upande mmoja, upande wa pili unabaki na maji. Hapa ndipo mabomba mengi hupasukia. Shusha kichwa cha bomba la mvua kilale sakafuni, toa kichujio ukitupe, mwaga tangi la choo. Kisha ikokote karavani kidogo, mtikisiko huteremsha maji yaliyolala kwenye mabonde ya paipu. Acha mabomba na koki wazi mpaka msimu urudi.

Ukirudi, funga koki zote kwanza, jaza bila kichujio, na usafishe mfumo kwa dawa ya kuua vijidudu iliyotengenezewa karavani, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Vijidudu vya Legionella hustawi kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45, na maji yaliyosahaulika kwenye paipu siku za jua huwa humo humo. Soma kitabu cha hita kabla ya kumwaga dawa ya klorini, kwani kuna matangi ya chuma yasiyoivumilia. Suuza mpaka harufu iishe, ndipo uweke kichujio kipya. Na mpira wa kujazia pipa uwe wa maji ya kunywa. Ule wa kijani wa bustanini hutoa ladha ya plastiki ambayo hata chai ya tangawizi haiifichi.